Safari ya Siku Tatu

Mpwa wangu anayefanya kazi Muscat alirudi nyumbani Dimani kwa likizo, na jioni ya kwanza, hata kabla chai haijapoa, alinitolea simu yake akanionyesha picha. Alikuwa amekwenda Yordani na wenzake kwa siku tatu. Siku mbili walitembea Petra, mji wa kale uliochongwa katika majabali mekundu, na usiku wa mwisho walilala Wadi Rum, jangwani hasa, ndani ya mahema, wakila nyama iliyopikwa shimoni chini ya mchanga. "Mjomba," aliniambia, "wenzetu wanajua. Magofu mchana, jangwa usiku, mgeni anarudi kwao ameridhika. Sisi huku tuna nini cha siku tatu?"

Sikumjibu pale pale. Mimi ni mwalimu mstaafu, na walimu wastaafu tuna maradhi ya kujibu kila swali kwa hotuba. Lakini usiku ule sikupata usingizi vizuri, na asubuhi nilituma mtoto dukani aninunulie daftari. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika: Safari ya siku tatu, kuanzia Dimani. Nilikuwa nimeazimia kumwonyesha mpwa wangu kwamba Petra yetu ipo, na jangwa letu lipo, na kwamba vyote viwili vinafikika kwa nauli isiyozidi bei ya mbuzi wawili.

Kwa kweli nilianza na jambo ambalo nilijua litamshangaza. Kuna kitabu kimoja kidogo kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na mwandishi wake hajulikani jina, ambacho kinawaeleza mabaharia bandari za Bahari ya Shamu na za pwani yetu. Wataalamu hukiita Periplus. Kitabu hicho kinaitaja Petra na mfalme wa Wanabatea, na kinaitaja pia Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, ambalo lilipata jina lake kutokana na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Kitabu ni kile kile kimoja. Yaani baharia aliyekuwa na habari za Petra aliweza kuwa na habari za kwetu pia. Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu bado wanabishana, lakini Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliitafuta katika delta ya Rufiji, na katika miaka ya 1990 alichimbua hapa hapa Kibiti, mahali paitwapo Mkukutu, akapata shanga za kioo zilizotoka katika ulimwengu wa Kirumi. Fikiri, ndugu msomaji. Watu wa Kibiti wanalima mihogo na kuchuma korosho juu ya ardhi yenye shanga za Warumi, na mtoto wetu anapanda ndege kwenda Yordani kutafuta mambo ya kale.

Kitabu hicho hicho kinaeleza kisiwa kimoja, Menouthias, ambacho watu wake walivua samaki kwa mitego iliyosukwa kama vikapu. Nilipomsomea mpwa wangu habari hiyo alicheka, akasema, "Hayo si madema?" Nami nikasema, naam, ni madema.

Basi tukaanza kupanga. Swali la kwanza lilikuwa: magofu yapi? Mpwa wangu alitaka Kilwa Kisiwani, na si kwamba alikosea. Kilwa ina Msikiti Mkuu wenye makuba, ina kasri la Husuni Kubwa, na tangu mwaka 1981 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Njia nayo ni rahisi: unashika lami kutoka Kibiti, unavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, unakwenda moja kwa moja kusini. Mimi ninayekumbuka tulivyokuwa tunakesha kwenye foleni ya pantoni pale Ndundu, siku mbili wakati mwingine, pamoja na magunia ya ufuta na kuku waliofungwa miguu, siwezi kulivuka daraja lile bila kumshukuru Mungu. Hata hivyo barabara ile haiaminiki wakati wa mvua. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, maji yaliikata kule Somanga, na magari yakabaki kila upande.

Lakini sababu yangu ya kuikataa Kilwa haikuwa barabara. Nilitaka twende Kua.

Kua ni mji wa magofu katika kisiwa cha Juani, kusini ya kisiwa kikubwa cha Mafia. Ni magofu ya mawe ya matumbawe na chokaa: lipo jumba la ghorofa ambalo watu huliita la sultani, ipo misikiti, yapo makaburi, na mibuyu imeota katikati ya yote hayo kama wageni waliokaribishwa chakula wakakataa kuondoka. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walikuja kwa mitumbwi mingi, wakauvamia mji, wakaua na kuteka. Kua haikupona tena. Waliobaki walitawanyika, na ukubwa wa mji ukahamia kisiwa cha jirani, Chole, kilicho kidogo kuliko Juani.

Juu ya Kua na jirani yake Kisimani, mji mwingine wa kale uliokuwa upande wa magharibi wa Mafia ukielekeana na delta yetu, kuna kisa ambacho kila mtoto wa pande hizi amekisikia. Husemwa kwamba watu wa Kisimani walipomaliza kuunda jahazi waliwaalika watu wa Kua kwenye karamu, kisha wakawatwaa watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani na kulishusha jahazi majini juu ya miili yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka, wakajenga chumba chini ya ardhi, wakawaalika watu wa Kisimani harusini. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukazibwa kwa mawe. Mimi sina ushahidi kama kisa hiki ni cha kweli. Ninachojua ni kwamba mzee Neville Chittick alichimba Kisimani na kuandika ripoti yake mwaka 1961, na kwamba sehemu kubwa ya mji huo imekwisha kuliwa na bahari. Katika fukwe zake ziliokotwa sarafu za masultani wa Kilwa. Kwa mji uliolaaniwa, hiyo si mizigo haba.

Sasa njia. Kutoka Dimani hadi Bungu kwa bodaboda au gari, kisha barabara ya kwenda Nyamisati, kisha chombo cha kuvuka hadi Kilindoni. Kutoka Kilindoni kuna gari hadi Utende, na hapo unaingia eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambapo kuna ada ya kulipa. Kisha mashua hadi Juani. Haya niliyaandika kwa nusu ukurasa. Kurasa nne zilizofuata zilikuwa juu ya maji.

Anayepanga safari ya Petra hutazama bei ya hoteli. Anayepanga safari ya Kua hutazama mwezi. Maji yakitoka, mashua haikufikishi ufukoni Kua. Utashuka mbali na kukokota miguu kwenye tope na mawe makali. Kwa hiyo Kua yataka maji makubwa, bamvua. Na jangwa letu, ambalo nitalieleza hivi punde, lataka kinyume chake: lataka maji mafu, la sivyo utaamka umelala ndani ya bahari. Siku tatu hazitoshi kutoka bamvua hadi maji mafu. Nilihesabu, nikafuta, nikahesabu tena. Mwisho niliamua tuwe Kua mwezi kumi na tisa, wakati bamvua imekwisha kupungua lakini alfajiri maji bado yanajaa vya kutosha, na jangwani mwezi ishirini na moja. Hapo mwezi huchelewa kutoka, giza huwa zito, na nyota huonekana zote. Mpwa wangu aliuliza kama kuna programu ya simu inayotoa hesabu hizo. Nikamwambia ipo, na mvuvi yeyote wa Nyamisati pia yupo.

Jangwa. Hapa ndipo mpwa wangu alipodhani namfanyia mzaha. "Mjomba, Rufiji kuna jangwa gani? Huku ni maji tu na mikoko." Lakini mimi neno jangwa nililijua kabla sijasikia habari za Sahara. Nyuma ya mikoko, pale ambapo maji ya bamvua hufika mara mbili tu kwa mwezi na jua likayakausha, kuna viwanja vitupu vya udongo wa chumvi, vyeupe, visivyoota hata jani. Sisi watoto tuliviita jangwani. Mchana unaona mangati kule mwisho, miti inaelea hewani. Hata Jangwani ya Dar es Salaam, pale bonde la Msimbazi, ni jina la namna hiyo hiyo, nami nadhani neno letu lilianzia kwenye viwanja kama hivi, ndipo walimu wa jiografia wakaja kulipeleka mbali. Ninakiri kwamba nami nilikuwa mmoja wa walimu hao. Nilifundisha Sahara na Kalahari kwa miaka mingi, wala sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba jangwa liko umbali wa nusu siku.

Katika daftari niliandika mahitaji: madumu matatu ya maji ya kunywa, mkaa (kwa sababu kukata mikoko bila kibali ni kosa), chandarua kila mtu na chake, turubai, tochi. Tukae mbali na kingo za mto kwa ajili ya viboko na mamba. Wakati: mwezi wa Oktoba, kusi ikiwa imelegea, kabla ya kaskazi kushika. Mpwa wangu alisoma yote, akapiga picha ukurasa, akawatumia wenzake wa Muscat. Nilijiona nimeshinda.

Hapo ndipo dada yangu, mama yake kijana, aliyekuwa akichambua mchele barazani muda wote huo bila kusema kitu, aliuliza: "Na huko Kua mnakwenda kumwona nani?"

Mpwa wangu akamjibu, "Wazee wetu, Mama. Si ndiko tulikotoka?"

Inanipasa nieleze. Bibi yetu mzaa mama alitoka Mafia, akaolewa na mtu wa delta aliyekuwa akisafirisha boriti kwa mashua, yapata mwaka 1920. Katika ukoo wetu ilikuwa ikisemwa tu kwamba Bibi ni "wa upande wa Kua." Wala hakuna aliyeongeza neno. Kule Muscat, ambako kuna watu wengi wazungumzao Kiswahili na ambako kuulizana ukoo ni sehemu ya maamkizi, mpwa wangu alikuwa akiulizwa asili yake, naye akajibu kwamba kwao ni Washirazi wa Kua. Alikuwa hajadanganya kwa makusudi. Aliyajaza tu maneno yaliyoachwa wazi, kama tunavyofanya sote.

Dada yangu aliweka ungo chini. Ananizidi miaka mitano, naye ndiye aliyemuuguza Bibi mpaka alipofariki mwaka 1978. Akasema: "Bibi hakutoka kwenye jumba. Mama yake Bibi alitoka bara, akiwa mtoto wa kike asiyejaa mkononi. Alipitishwa Kilwa, akavushwa usiku, akauzwa kwa wenye minazi. Wenyewe wenye minazi walikaa Chole. Yeye alilala Juani, shambani. Kua palikuwa msitu. Walikwenda kuokota kuni."

Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilikuwa nimefundisha historia maisha yangu yote. Nilijua kwamba Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na kwamba marufuku ile haikumaliza kitu siku moja, vyombo viliendelea kuvuka gizani. Nilijua kwamba kwa mapatano ya mwaka 1890 Mafia ilikwenda kwa Wajerumani. Sikujua kwamba nilikuwa nafundisha habari za mama yake bibi yangu.

Lakini kuna jambo jingine ambalo nililijua nusu, na dada yangu akanipa nusu iliyobaki. Bibi alikuwa na mdogo wake, ambaye naye alihamia delta baadaye. Walipendana sana, ila walipogombana, mdogo alikuwa na neno moja la kumaliza ugomvi: "Mimi na wewe hatukuzaliwa sawa." Bibi hunyamaza. Sisi watoto tulidhani wana baba tofauti. Sasa sikiliza. Bibi alizaliwa miaka michache kabla ya vita vya Maji Maji, ambavyo vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi. Mdogo wake alizaliwa vita vilipokuwa vimekwisha. Na Wajerumani walikuwa wametoa amri kwamba mtoto yeyote atakayezaliwa na mtumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa mtu huru. Mama mmoja, baba mmoja, kitanda kimoja cha kamba. Mkubwa alizaliwa mtumwa, mdogo alizaliwa huru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka Waingereza walipoufuta mwaka 1922, na kufikia hapo Bibi alikwisha kuolewa na kuvuka maji.

Tarehe ile nilikuwa nimeifundisha. Niliiandika ubaoni sijui mara ngapi.

"Mbona hukuniambia, Dada?" nilimwuliza.

"Bibi alinikataza. Alisema wewe ni mtu wa kalamu, utaandika."

(Kuandika huku, msomaji wangu, nimeomba ruhusa yake, naye amekubali kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu.)

Kijana wetu aliondoka barazani, akakaa nje kwenye gogo mpaka magharibi. Sikumfuata. Ningemwambia nini? Kwamba nusu ya pwani hii, kama watu wangesema kweli, ingekuwa na bibi kama huyo? Ni kweli, lakini siyo faraja kwa mtu ambaye keshawaambia wenzake habari nyingine. Nilimsikia akizungumza na mtu kwa simu kwa sauti ya chini. Aliporudi alimwuliza mama yake jambo ambalo sikulitarajia: kama Bibi aliwahi kusimulia lolote la furaha la huko.

Dada yangu alifikiri, kisha akacheka. Akasema Bibi alipenda kusimulia juu ya ndege. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wameichukua Mafia, walileta ndege za kwenda kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha ndani ya delta tangu mwaka uliotangulia baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Bibi alikuwa msichana wa kama miaka kumi na mitatu. Aliona kitu kinapaa na mtu yumo ndani, na akaona wenye minazi wakubwa kwa wadogo wakikimbia kujificha chini ya vitanda. Yeye alibaki amesimama uwanjani anatazama. Siku ile tu, alikuwa akisema, ndiyo siku aliyoona mabwana na watumwa wana hofu moja. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ilipigwa kwa mizinga, ndege zikiangalia kutoka juu, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake waliiopoa wakaitembeza nchi nzima vitani. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Miaka michache baadaye Bibi alivuka kuja kuolewa katika mito ile ile.

Tulilifungua tena daftari baada ya chakula. Mpango ulikuwa umeharibika. Dada yangu alisema atakwenda nasi, jambo ambalo halikuwemo, na kwamba hana haja ya kuliona jumba la sultani; anataka apelekwe Juani kwenye minazi, kisha Chole, aone walikokaa wenyewe. Chole nako kuna magofu, ya wakati wa Wajerumani, yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti. Hesabu yangu ya maji haikuwa na nafasi ya Chole. Siku tatu ni siku tatu, na tiketi ya ndege ya kijana ilikuwa imekwisha kukatwa.

"Tuache Kua," alisema mpwa wangu.

Mimi nilipinga. Nilisema mji si wa sultani peke yake. Waliouchoma chokaa na kuyabeba matumbawe yale kutoka baharini hawakuwa masultani. Tulibishana kidogo. Mwisho tuliacha usiku wa hoteli Kilindoni, tukaamua kulala Juani kwenyewe kama wenyeji watatukubalia, ili Kua iwe alfajiri maji yakiwa yamejaa, na mashamba yawe mchana maji yakitoka, kwa miguu. Chole jioni. Kijana alichukua kalamu akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mbaya, chini ya siku ya pili: "Mama: minazi."

Ilibaki siku ya jangwani. Nilimweleza dada yangu habari za nyota, za giza la mwezi ishirini na moja, na jinsi wenzetu wa Yordani wanavyotoza fedha nyingi kwa usiku wa namna hiyo. Alisikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo tunakwenda jangwani kulala tu?" aliuliza.

"Kulala na kutazama, Dada."

"Bibi alituleta pale kupika chumvi. Usiku kucha, kukwangua, kuchuja, kuchochea. Ulikuwa mdogo, ulikuwa unalala kwenye mkeka." Akalivuta daftari, akalitazama bila miwani kana kwamba analisoma. "Andika sufuria kubwa. Na debe la kuchujia. Na huo mkaa ongeza, hautatosha."

Nikaandika.